Kanda za Shangazi Rangi

Miaka ishirini na mitatu alitunza kanda kwenye kituo cha televisheni, na wenzake walimbatiza Bwana Saini. Kanda haikutoka stoo bila saini yake, hata aje mkurugenzi mwenyewe na tai yake shingoni. Walimcheka. Aliwaacha wacheke.

Mkewe alimpata humo humo kazini. Mama huyo alifundisha watoto kuchora kwenye kipindi cha kila Jumamosi asubuhi, na watoto wakamwita Shangazi Rangi. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyetoka kuamka, na akikosea mstari alijicheka mbele ya kamera bila haya.

Walipokaribia kustaafu, kituo kiliamua kuhamishia vipindi vyote mtandaoni. Kanda ikishapandishwa huko, ilipitishwa kwenye mashine ya sumaku ikafutika, kisha Bwana Saini akaandika "imefutwa" na kutia saini. Wenzake walichomoa mbili tatu wakazificha majumbani mwao. Yeye hakuchomoa hata moja. Tena alizidisha, na hapa ndipo unapotamani kumshika shati: mkewe alikuwa na kanda sita kabatini, chini ya mashuka, na ndizo alizozipenda. Akazikusanya kurudisha stoo, kwa kuwa ni mali ya kituo.

"Wewe ungenirudisha hata mimi, ukadai na risiti," mkewe alimwambia.

"Hapa zitaota ukungu, mama. Mtandaoni hazipotei."

Mkewe akacheka, yakaisha. Miaka minne baadaye aliugua, akafariki.

Tusimnyime mzee haki yake, mtandao ulimfaa kwa muda. Binti yake aliyeolewa mbali alikuwa na mtoto wa miaka minne ambaye hakumkuta bibi. Kila Jumamosi mama na mtoto waliweka simu mezani, wakachukua penseli, wakachora na bibi. Sauti ya marehemu haikuwepo mahali pengine popote.

Jumanne moja binti alipiga simu.

"Baba, vipindi vya mama havifunguki. Wameandika kwamba maktaba imeondolewa. Nenda kaulize, wewe wanakujua pale."

Alikwenda. Mlangoni hawakumjua. Dada wa ofisi ya mitambo alimpa kiti, akamweleza kwa upole kwamba kituo kimeuzwa, na wamiliki wapya hawakuona faida ya kuweka vipindi vya zamani. Vimefutwa tangu wiki iliyopita, na nakala haikubaki.

"Lakini kanda zenyewe si zitakuwepo, mzee? Ngoja nikuangalizie."

Akatoa daftari kwenye kabati la chuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilikuwa na daftari, habari zake zote zimo, na imepotea vilevile. Dada alishusha kidole ukurasa baada ya ukurasa: imefutwa, imefutwa, na kila mstari una saini ileile iliyonyooka.

"Huyu alikuwa makini," alisema. "Hakubakiza hata moja."

"Ndiyo," alisema Bwana Saini. Akashukuru, akaondoka.

Nyumbani alifua mashati mawili, akayaanika. Alikula ugali wa jana. Alingojea uchungu uje, kama mtu aliyeng'olewa jino anavyongojea ganzi iishe. Haukuja. Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

Jioni binti alipiga.

"Umepata, baba?"

"Hakuna kitu."

"Hata kanda?"

"Kanda nilizifuta mimi. Zote. Na zile alizokuwa nazo mama yako hapa nyumbani, nilizichukua nikazifuta."

 Binti hakugomba.

"Ongea na mjukuu wako. Tangu Jumamosi ananisumbua, anamtaka bibi."

Mtoto akashika simu. Hakusalimia.

"Babu, bibi anasemaje tukianza kuchora?"

Maneno aliyajua. Aliyasikia studioni kila wiki kwa miaka yote ile, na hata jikoni mkewe alipokuwa akiyafanyia mzaha. Akakohoa, akaikaza sauti ishuke.

"Anasema, haya wanangu, mkono usiogope karatasi."

Mtoto alisikiliza, akangoja kidogo.

"Sivyo," alisema. "Hiyo sauti yako, babu. Sasa sema kama bibi."