Cherehani Niliyoipaka Rangi

Miaka michache kabla Michezo ya Jumuiya ya Madola haijaja Birmingham, nilikuwa fundi katika duka la cherehani zilizotumika, mtaa wa Northfield jijini humo. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiyahudi, mshika dini. Ijumaa alifunga duka kabla jua halijazama, akalifungua Jumapili. Mimi ni Msomali wa Nairobi. Ufundi nilifundishwa na mama, na kazi yangu niliijua.

Siku moja mzee hayupo, nilichukua cherehani iliyochakaa, nikaipaka rangi nyeusi na kuichorea maua ya dhahabu. Ikang'aa kama imetoka kiwandani jana. Mchana huohuo ikanunuliwa na mama mmoja wa Kisingasinga, mzaliwa wa Kisumu. Tulipiga soga kwa Kiswahili hadi basi lake likampita.

Mzee aliporudi nilimsimulia kwa fahari. Hakufurahi.

"Ulimwambia ni kuukuu?"

"Hakuuliza. Na inashona vizuri, nimeijaribu mwenyewe."

"Sheria yetu inakataza kupaka rangi chombo cha zamani kionekane kipya," alisema. "Ukimwacha mtu aamini kisichokuwepo, umemwibia akili yake. Awe Myahudi au asiwe."

Nilibisha sana, mimi si mtu wa kunyamaza. Lakini katikati ya kubisha nikakumbuka madrasa. Nasi tulifundishwa kwamba muuzaji aonyeshe kasoro ya bidhaa yake. Sikuwahi kufikiri kwamba rangi nayo ni kuficha.

Kesho yake nikafuata anwani iliyokuwa kwenye risiti, nikaenda Bordesley Green, nyumbani kwa yule mama.

"Mama, ile cherehani ni kuukuu. Niliipaka rangi mimi, na sikukwambia."

"Yaani tulikaa pale tunakumbushana nyumbani, na wewe unajua?"

Hilo liliniuma kuliko maneno ya mzee. Akanitaka niichukue na pesa zake zirudi. Zilirudi. Ile cherehani niliipakata kwenye basi, nzito kama jiwe.

Baada ya wiki mbili yule mama akaingia dukani, akazipita cherehani zote zinazometameta.

"Nionyeshe mbaya kuliko zote," alisema. "Na uniambie kila kitu."

Nikamwambia: mkanda umelegea, kanyagio lina kutu, bamba la sindano limekwaruzika. Akainunua, akaniachia niirekebishe.

Sasa nina duka langu Perry Barr. Naanza na kasoro, tena kwa sauti. Wateja wapya hudhani sitaki kuuza.