Mwalimu Anaeli alinizuia mkono wa kushoto, juzi tumekutana kwenye kikao cha shule ya mwanangu

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wangu shikamooni.

Mimi humu huwa nasoma na kupita. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani tangu kikao cha wazazi. Sijatunga. Majina nimeyaacha yalivyo, nimechoka kuwasitiri watu.

Mnivumilie uandishi, shule niliishia la tano. Simu ndiyo imenirudisha kwenye kuandika, maana yenyewe haiulizi unabonyeza na mkono gani.

Mimi ni mashoto.

Nimezaliwa huku juu Kibosho, kwenye kihamba cha baba, shamba letu la migomba. Kwetu ukimpa mzee pombe ya mbege kwa mkono wa kushoto umemtukana. Hilo silalamiki, ni mila, unajifunza kutoa na kupokea kwa kulia, maisha yanaendelea.

Shida ilikuwa shuleni.

La kwanza tulikuwa na mwalimu mmoja mama mpole, akaniacha niandike ninavyoweza. Na nilikuwa naandika vizuri jamani. Nilikuwa nawahi darasani kabla ya wenzangu nichore ubaoni kwa vipande vya chaki vilivyobaki. Nilipenda shule kuliko kula.

La pili akaja Mwalimu Anaeli.

Yule hakuwa na maneno mengi. Alimwita mzee wangu wakaongea. Kesho yake mzee akakata kamba ya mgomba hapo hapo kihambani kwetu, akaisokota, akanipa nimpelekee mwalimu. Niliibeba mwenyewe nikijua ni ya kufungia kuni.

Nikafungwa mkono kwenye mguu wa dawati. Kila kipindi cha kuandika. Wenzangu wakaniita Mbuzi.

Mkono wa kulia ukagoma. Wenzangu wanafunga madaftari, mimi niko mstari wa kwanza. Anaeli anasema huyu kichwani hamna kitu. Mzee anasema basi aje asaidie ng'ombe. La tano nikaacha, hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo kwenye orodha yangu ya walioniharibia wako wawili. Anaeli, na marehemu mzee wangu. Mtanisamehe kumtaja marehemu.

Maisha yangu yote nimekuwa mpagazi mlimani, nabeba mizigo ya wageni. Kiingereza nimekiokota njiani na wageni, naongea wanacheka. Kuna mwaka niliitwa kwenye mafunzo ya kuwa guide. Kumbe kuna mtihani wa kuandika. Majibu ninayo yote, mkono unajikokota, karatasi zikakusanywa. Vijana niliowaonyesha mimi njia leo ndio wanaongoza wageni. Mimi magoti yameisha, nimerudi kwenye ng'ombe na migomba.

Sasa nije kwenye kisa.

Nina binti yangu wa mwisho, Glory, yuko la tatu. Naye ni mashoto kama mimi.

Darasa lao lina mwalimu kijana, Madam Rehema. Huyu dada ana kishikwambi chake, na projekta anaazima kwa vijana wa usharika. Mtoto anachora kwenye kile kioo, picha inatokea ukutani kubwa, halafu anarekodiwa sauti akielezea alichochora.

Siku moja nimepeleka mahindi ya chakula cha shule, nikapita dirishani kwao. Ukutani kuna ng'ombe. Ng'ombe wetu kabisa, na pembe yake iliyopinda. Halafu nasikia sauti ya Glory kwenye spika: "Huyu anaitwa Malaika. Akikamuliwa na mama anatulia, akikamuliwa na baba anapiga teke."

Darasa zima likacheka. Madam naye akacheka. Na Glory amesimama mbele na kalamu ya kioo mkono wa kushoto, kama malkia.

Wakuu, nilisimama pale na gunia begani. Sikuwa na hasira. Nilitamani tu kuingia nikae dawati la nyuma.

Baada ya wiki kadhaa tukaitwa kikao. Ajenda mojawapo, hivi vifaa viendelee au visimame, maana kuna wazazi wanalalamika watoto wanacheza. Watoto wa la tatu wakaletwa waonyeshe kazi zao, Glory na ng'ombe wake.

Meza ya mbele, upande wa kamati ya shule, amekaa nani? Anaeli. Amestaafu, ana mvi, ana fimbo ya kutembelea. Nilimpa shikamoo. Akajibu marahaba, akauliza mimi ni wa ukoo gani.

Akasimama kuongea.

"Mtoto anafundishwa na daftari na kalamu. Hizi sinema ni za mjini. Halafu yule binti aliyechora ng'ombe ni mashoto, na mwalimu anamwangalia tu. Arekebishwe mapema. Kesho ataolewa, nani atapokea chakula kwenye mkono huo?"

Watu wakacheka. Mama Brayan, mzazi mwenzetu, akadakia, "Mwalimu, siku hizi wanaume wanapokea hata na miguu." Wakacheka zaidi. Glory hakucheka. Aliuficha mkono nyuma ya sketi.

Pale ndipo nilipoona kazi ile ya kamba inataka kuanza upya.

Madam Rehema, sijui alikusudia au alitafuta tu pa kutokea, akasema, "Karibuni mzazi mmoja ajaribu, aandike jina lake muone kama ni mchezo." Hakuna aliyeinuka. Nikaenda mimi.

Nikashika ile kalamu kwa kushoto. Tangu nifungwe sikuwahi kuandika nao hata neno. Nikaandika jina langu taratibu.

Ukutani likatokea jina kubwa, herufi nene, zimeachana, moja imepanda, nyingine imelala.

Mama Brayan akasema, "Baba Glory, mbona huo ni mwandiko wa mtoto?"

Nikamwambia, "Ni wa mtoto ndiyo. Mkono huu uliishia darasa la pili. Muulize mwalimu hapo mbele, yeye ndiye aliyeufunga kwenye dawati."

Watu wakageuka kumtazama.

Anaeli akaegemea fimbo yake, akaniangalia usoni. Akasema, "Nimefundisha watoto wengi, baba. Sikumbuki."

Hakuwa anakwepa wakuu. Niliona kabisa hakumbuki. Mimi nimembeba mtu huyu moyoni, mlimani na bondeni, yeye hata hanijui. Hilo limeniuma kuliko kamba.

Mkuu wa shule akafunga ajenda kifupi: Madam aendelee, na binti aandike na mkono alionao. Anaeli hakubisha.

Watu walipotoka kwenda kwenye soda nikamwomba Madam asizime kwanza. Nikaandika baba. Nikaandika kuku. Nikaandika kaka. Mkono ulikuwa unakumbuka peke yake, mimi nashangaa tu. Ila nilipojaribu mwandiko wa kuunga ukasimama. Huko haukuwahi kufika.

Glory akaja akasimama pembeni yangu. "Baba, anzia juu, usinyanyue." Akanishika kidole akanivuta mduara wa kwanza.

Nilirudia mpaka wenye projekta wakaja kuichukua.

Nilichojifunza: mtoto akishika kalamu kwa mkono wowote, mwache. Na walimu mnaofundisha kama Madam Rehema, msikate tamaa kwa maneno ya vikao. Kuna watu wazima wanapita madirishani kwenu na mizigo wanawaangalia.

Mashoto wenzangu wa rika langu humu, kuna aliyeanza upya kuandika ukubwani? Ule mwandiko wa kuunga unakubali, au umri ukienda ndiyo basi? Mimi nimefika herufi ya d. Wa kucheka acheke, lakini ajibu na swali.