Friji la Temeke Lisilopumzika

Kuna aibu mtu huitunza moyoni akitegemea atazikwa nayo, na yangu nimeitunza miaka mingi, lakini nyie mmenibana sana leo na mie kuficha nimechoka, basi nitasema, mcheke mkimaliza mniache.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa karani mjini, kijana niliyeshuka kutoka milima ya Upare na sanduku la bati, nikapata nyumba ya serikali kule Temeke, ndogo lakini ina umeme (na kuwa na umeme Temeke siku zile kulimfanya mtu atembee kanyoosha shingo). Bosi wangu Mzungu aliporudi kwao akaniachia friji lake kuukuu. Jikoni sikuliweka, nani angeliona jikoni? Nililiweka sebuleni, mkabala na mlango, mgongo umegusa ukuta, ili kila apitaye barabarani alione.

Mchumba wangu Tabitha aliposikia habari za friji akalifumia kitambaa, na si kile kidogo cha kutandika juu kama vya makochi, la, alinituma nilipime kwa futi, urefu na upana, akalifumia vazi zima la uzi mweupe mzito, linafunika juu, ubavuni na mgongoni mpaka chini, mlango tu ndio ulioachwa wazi. Jamani, nilipenda! Jumamosi mchana nikitoka kazini nilikuwa najilaza kwenye kochi, jua linaingia dirishani taratibu, friji linaguna mmmm, mmmm, yale maua ya uzi yanatikisika kidogo, na mie nasinzia nusu macho nikiona vidole vya Tabitha vinafuma, vinafuma, mpaka sijui kama niko Temeke au niko wapi.

Lakini tangu livikwe vazi lile, friji halikunyamaza tena. Zamani lilikuwa linanguruma, linakata, linapumzika, kisha linaanza upya. Sasa niamke linaguna, nirudi linaguna. Nikazungusha kile kidude cha kupunguza baridi, wapi. Nikaingiza vipande vya tofali chini ya miguu likae sawa, wapi. Nikaosha mpira wa mlango kwa sabuni, nikabana karatasi mlangoni nione kama inachomoka kirahisi, haikuchomoka, mpira mzima kabisa. Kulivua nguo hakukunijia akilini hata mara moja. Zawadi ya mchumba mtu haivui ovyo.

Nikamwita jirani yangu Bwana Salim, Mwarabu mwenye duka pale kwenye kona, aje asikilize. Akaweka sikio, akatabasamu.

"Wewe bwana unalalamikia nini? Punda akienda bila kupigwa, mwenyewe humshukuru Mungu! Likifanya kazi bila kukoma, ndiyo baridi nyingi hiyo."

Nikamwamini. Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana Jumapili ile baba yake Tabitha, Mzee Yona, alikuwa anakuja na mkewe kuona mahali binti yao atakapokaa. Mzee alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alisema ataona kwanza, atajibu akiwa kwangu. Jibu lile nilikuwa nalisubiri kuliko nilivyowahi kusubiri kitu chochote duniani, na nikajiambia, kama baridi ni nyingi hivyo, kwa nini nisiwapokee wakwe kwa ubaridi wa milimani kwetu? Nikafunga madirisha yote. Nikafungua mlango wa friji, nikauacha wazi.

Walifika baada ya ibada. Nikawaamkia shikamoo, wakaitika marahaba, wakakaa.

"Baba, mbona umefunga madirisha?" mama mkwe akaniuliza.

"Baridi isitoke, mama."

Akamtazama mumewe, mumewe akatazama dari. Mzee akaanza kunieleza mambo ya ndoa, polepole, sauti nzito, na friji linaguna chini ya sauti yake, na joto (hiyo baridi sikuiona!) linapanda toka miguuni, linanifunika kama blanketi, mzee anasema uvumilivu, friji linasema mmmm, mzee anasema subira, friji mmmm, na mara ukungu ukashuka. Nikawa kwetu. Kijito kinapita kwenye mawe, majani yamelowa, na mama yangu yuko ng'ambo ananiita nikaoge kabla jua halijazama. Nikafungua vifungo kimoja kimoja. Nikalikunja shati kama alivyonifundisha. Nikatia miguu kwenye maji, na maji yalikuwa ya baridi kweli.

Kilichoniamsha ni kimya.

Madirisha yako wazi. Miguu yangu imo kwenye dimbwi la barafu iliyoyeyuka. Kifua changu kiko wazi, shati limekunjwa vizuri juu ya goti, na mama mkwe amegeukia ukuta, kajifunika uso kwa kanga. Mbele ya mama mkwe, ndugu zangu! Nilitamani sakafu inimeze.

Mzee Yona alikuwa amelivuta friji kutoka ukutani na kulizima, vazi la Tabitha kaliweka begani, mkono wake unapapasa vile vibomba vyeusi vya nyuma.

"Mie nafanya kazi kiwanda cha barafu," alisema bila kugeuka. "Baridi haitengenezwi, kijana. Mashine inachota joto la ndani inalitupa huku nyuma. Wewe huku nyuma umeifunika na kuibana, mlango ukauacha wazi. Joto lilelile linazunguka humu humu. Itapumzika saa ngapi?"

Kisha akalitazama vazi. "Na hili kafuma nani?"

Alijua. Nani hajui mkono wa bintiye?

"Kosa ni langu, baba. Niliyelivisha na kulisukuma ukutani ni mie."

Akanigeukia. "Ulikuwa unaota nini?"

"Niko kwetu. Mama ananiita nikaoge."

"Mama yako yuko wapi?"

"Alifariki nikiwa mdogo, baba."

Mama mkwe akasema kutoka ndani ya kanga, sauti imelainika, "Amemwita mara tatu usingizini."

Mzee akalikunja vazi, akalitua kochini kwa upole. "Vaa shati. Sitoi ndiyo kwa mtu aliye kifua wazi."

Nilivaa, nikakosea vifungo, nikavifungua, nikakosea tena, na nilikuwa kwenye kifungo cha tatu ndipo nikaelewa neno alilolisema. Nikalia palepale, jitu zima.

Niliapa sitasinzia tena mbele ya mzee yule, na kiapo nimekitimiza. Hata alipofariki, siku zote tatu za matanga sikufumba jicho. Watu walisema mkwe huyu ana uchungu jamani, na uchungu nilikuwa nao kweli, ila nilikuwa pia namlipa adabu niliyomkosea Jumapili ile.