Majivu ya Jiko la Donatille

Katika parokia moja ya Ndosho hapakuwa na mtu mwenye ulimi mkali kuhusu vitu vya baraka kumshinda sakristani, mtunza vyombo vya ibada, Ferdinand Niyibizi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, habari za visakramenti, na hakumhurumia mtu. Vijana wa pikipiki waliofunga rozari kwenye usukani aliwauliza kama rozari hiyo inajua kushika breki. Kwa mama mmoja aliyekunywa maji ya baraka ili apone malaria alisema mbele ya darasa zima, "Mama, haya maji yanakukumbusha ubatizo wako. Dawa ya malaria iko ku farmasi." Watu walicheka. Naye alipenda wacheke.

Kila mwaka, Kwaresima ikikaribia, alipita nyumba kwa nyumba na gunia akikusanya matawi ya mwaka uliopita, yale ambayo Wakristo huyachomeka juu ya mlango baada ya Jumapili ya Matawi. Huchomwa, na majivu yake ndiyo wanayopakwa watu Jumatano ya Majivu.

Mwaka huu alifika kwa Mama Uwingabire, mjane aliyekimbia vita kutoka Kibati na sasa amepanga chumba cha mbao. Tawi lake lilikuwa limesukwa umbo la msalaba. Mumewe, Twizeyimana, ndiye aliyelisuka, Jumapili ya Matawi ya mwisho ya maisha yake. Siku ya kukimbia mama alilifunga ndani ya kitenge pamoja na kadi yake ya uchaguzi, na hakubeba kingine cha nyumba ile. Hakutaka kulitoa.

"Mama, kitu cha baraka hakiwekwi kama foto ya marehemu," Ferdinand alimwambia. "Kinafanya kazi yake, kisha kinarudi kwa Mungu. Ulete. Jumatano muzee wako atakugusa ku paji la uso."

"Kweli, papa?"

"Kweli kabisa."

Akalitoa. Alilibusu kwanza, kisha akaliweka juu ya mengine taratibu, kama anayelaza mtoto.

Ferdinand aliliegemeza gunia nyuma ya sakristia, chini ya ukingo wa bati, akalisahau. Mvua ilinyesha siku nne. Jumanne mchana alipolifungua, alikuta uji mweusi unaonuka. Alijaribu kuuwasha moto, ukatoa moshi tu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Angeweza kusema. Padri Rodrigue, paroko wao, angeguna kidogo, wangeomba majivu parokia jirani, yangeisha. Lakini kusema kulimaanisha kukiri kwamba yeye, mwenye kuwacheka wenzake, ameacha vitu vya baraka vioze kama maganda ya ndizi. Basi akalibeba gunia mpaka shimo la takataka nyuma ya soko, akalimwaga humo, yeye aliyewafundisha watu kwamba hata punje ya rozari iliyokatika huzikwa au huchomwa, haitupwi. Kisha akaenda nyumbani, akachota majivu ya mkaa katika jiko la mkewe, akaanza kuyachekecha kwa kitambaa.

"Majivu yangu unayapeleka wapi?" aliuliza Donatille, mkewe.

"Ya kusugulia sufuria za parokia."

"Aa, za parokia. Hapa kwako hujasugua hata kijiko."

Aliyachekecha mara tatu, mpaka maganda ya maharage yakatoka yote.

Kesho yake Padri aliyabariki majivu yale na kuwapaka watu, Ferdinand akimshikia kisahani. Mama Uwingabire alipofika mbele alifumba macho, na baada ya kupakwa hakuondoka upesi. Baada ya misa alimfuata sakristani uani. "Papa Ferdinand, ulisema kweli. Nimesikia mkono wa muzee wangu."

Ferdinand aliitikia kwa kichwa.

Alhamisi mama yule alitoa ushuhuda wa mkono ule, akilia, mbele ya shirika, ile jumuiya ndogo ya mtaa wake. Ijumaa ilisemwa kwamba bado hajanawa uso. Jumamosi asubuhi Ferdinand alikwenda kwa Padri, akaeleza yote.

"Majivu niliyabariki mimi," Padri alisema. "Kwa Kanisa ni majivu ya Kwaresima. Nguvu yake iko katika sala na katika moyo wa anayepakwa, haiko katika mti uliochomwa. Hilo unalifundisha vizuri kuliko mimi."

"Basi imeisha, Padri?"

"Ya majivu imeisha. Ya yule mama, hapana."

Alimkuta Mama Uwingabire anachambua mboga za lenga-lenga mlangoni, doa la kijivu bado usoni. Alimweleza amesimama, maana hakuthubutu kukaa. Alisema mvua, jiko la Donatille na maganda yake ya maharage, shimo.

"Shimo gani?"

"La nyuma ya soko."

"Penye wanatupa matumbo ya samaki?"

"Ndiyo pale, mama."

Mama Uwingabire aliendelea kukata mashina. Ferdinand akaharakisha neno alilolipanga njia nzima. "Kesho ku misa nitasimama mbele ya watu wote. Nitasema kosa langu."

Hapo ndipo mama alipoinua uso.

"Utasema nini? Kwamba Mama Uwingabire alilia juu ya majivu ya maharage? Juzi nimeshuhudia mbele ya shirika nzima. Wewe unataka kupumua, mimi nibaki nachekwa ku robine, penye tunachota maji?" Akaweka kisu chini. "Hapana, papa. Hii aibu ni yako. Usinigawie."

Ferdinand hakuwa amefikiria jambo hilo. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kibao, lakini si kwa kunyamazishwa.

"Leta ile bidoni ya maji," mama alisema. "Unimiminie."

Aliinama na kukinga viganja. Ferdinand akammiminia, naye akanawa paji la uso pole pole, mara mbili, mara tatu. Maji yalitiririka yakanywewa na mawe meusi ya uani. Akajifuta kwa pindo la kitenge, akarudi kwenye lenga-lenga zake.

Ferdinand alibaki amesimama, bidoni mkononi. Jirani mmoja, Kanyere, akapita na kapu kichwani.

"Papa sakristani! Siku hizi unawasaidia wajane mpaka maji?"

Ferdinand aliiweka bidoni chini.

"Ananisaidia, ndiyo," alisema Mama Uwingabire bila kuinua macho. "Ni mutu ya Mungu."