Mstari Nyuma ya Jirani

Baba yangu alishindwa kura ya mchujo kwa kusudi, mbele ya watu, na mimi nilikuwepo. Nalisema hili mapema ili asiyependa majivuno aishie hapa.

Wakati ule mgodi wa Kolwezi ulikuwa unakufa. Mishahara ilikuwa imekatika miezi mingi, na baba, karani wa karakana, alitaka kwenda bungeni kuwasemea wafanyakazi. Chama kilitafuta mgombea mmoja katika mtaa wetu. Waliojitokeza walikuwa wawili: baba na mfanyabiashara wa makaa mwenye asili ya Mutshatsha, mji wa mkoa wetu. Mkubwa mmoja wa chama, mheshimiwa wa kutoka Lubumbashi, akamchagua baba. Alimpa gari, akawagawia akina mama vitenge, na watu wakaelewa bila kuambiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na tayari nilikuwa nimeanza kutembea kwa maringo ya binti wa mbunge.

Barua ya kugombea aliiandika jirani yetu, fundi mashine. Ndiye aliyemwingiza baba katika chama. Alizaliwa Kolwezi, mtaa uleule, lakini wazazi wake waliletwa na Wazungu kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na miezi hiyo watu wa asili yake walikuwa wakifukuzwa mkoani kwetu kwa kuitwa wageni. Wengi walikuwa wanalala stesheni wakisubiri treni.

Siku ya kura tulikusanyika katika uwanja wa shule. Karatasi hazikuwepo, kila mtu alijipanga nyuma ya mgombea wake. Mheshimiwa aliuinua mkono wa baba, vigelegele vikapigwa, mstari wetu ukafika ukutani. Ndipo jirani akaja na kadi yake ya chama mkononi, akasimama nyuma yangu. Walinzi wa mheshimiwa wakamkamata shati, wakamsukuma mpaka kwenye mlango wa darasa.

Baba akauliza kuna nini.

"Huyu haiko mutu ya hapa, tata," mheshimiwa akamwambia, akimwita kwa heshima kama mzee, akitabasamu. "Wacha aende. Utashinda bila yee."

"Karte yake ni ya zamani kupita yangu."

"Tata, usiharibu kazi."

Baba akautoa mkono wake katika mkono wa mheshimiwa. Akauacha mstari wake, akatembea hadi kwenye mlango wa darasa, akasimama nyuma ya jirani. Kusema kweli nilimkasirikia. Niliona bunge linatuponyoka hivihivi. Mama alivua kitenge kipya alichofunga juu ya nguo yake, akakiweka kwenye kiti cha mheshimiwa, akaenda kusimama nyuma ya baba. Nikamfuata mama. Jirani hakugeuka.

Mheshimiwa akamwonyesha kidole muuza makaa, na mstari wote ukahamia huko.

Mwandishi wa kikao akapita akihesabu, akatuonyesha kwa kalamu. "Na bale, bako nyuma ya nani?"

"Jirani yetu," mama akajibu. "Andika tatu."

"Lakini yee hakuomba kura, mama."

"Andika tu."

Hakuandika. Wiki chache baadaye jirani naye alifukuzwa, akapanda treni ya Kasai na watoto wake. Hatukuweza kuzuia, na hilo linaniuma hadi leo. Tangu hapo nimepiga kura mara nyingi, na baadhi ya niliowachagua walishinda. Kura ninayowasimulia wanangu ni ile ambayo haikuhesabiwa.