Saini Yangu na Jiwe la Sokoni

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa futi kamba na kiti kibovu. Ofisa mipango miji aliyenipokea, mtu wa maneno machache, aliniambia nisimwamini mkandarasi wala ramani, nipime mwenyewe. Nilikuwa fundi sanifu, yaani mchoraji na mkaguzi kabla wakubwa hawajatia muhuri. Agizo lile nililishika miaka mingi. Siku moja nililiacha, na hiyo ndiyo ninayotaka muijue nyinyi mnaoingia kazini sasa.

Tulikuwa tunajenga soko dogo la samaki karibu na Kirumba. Nilichora rampu, njia ya kupandia kitimwendo, kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili: ukiinuka sentimeta moja, njia isogee mbele sentimeta kumi na mbili. Lakini Mwanza mnaijua kwa mawe. Jiwe lilikaa palepale rampu ilipotakiwa kuanzia. Kulivunja kulitaka kulichoma moto siku kadhaa hadi lipasuke, na mgeni rasmi alikuwa anakuja Ijumaa. Mkandarasi akaifupisha rampu, ikasimama wima kama paa la nyumba.

"Saini tu, bwana," mkuu wangu wa idara aliniambia kwa upole. "Atakayekuja na kiti atasukumwa."

Nikasaini.

Alhamisi wakaitwa waliopangiwa vizimba vya kuuzia kule juu ya rampu. Asiyefika kwenye kizimba chake siku hiyo, kinapewa mwingine. Bi Kalunde, muuza dagaa aliyeitetea rampu ile kwenye vikao vyetu vyote, akaja na kitimwendo chake. Alifika katikati, kiti kikaanza kurudi nyuma. Nilikimbia nikakidaka. Nikakirudisha chini polepole.

"Shikamoo, baba," alisema bila kugeuka. "Na kesho utakuwepo unishike?"

Nilirudi ofisini nikaandika barua ya kuifuta saini yangu. Mkuu alinuna, nami nikahamishiwa Nansio, kule kisiwani, mwezi uleule. Ila jiwe lilichomwa, rampu ikarefushwa.

Sasa nimestaafu, na bado nikiona rampu mpya natoa futi kamba. Juzi nilipita sokoni nikaipima ile, iko sawasawa. Bi Kalunde alikuwa chini yake, juani, dagaa wametandazwa kwenye turubai. Nikamuuliza mbona hapandi.

"Napanda vizuri, baba," alinijibu. "Ila kizimba changu alipewa mwingine Alhamisi ile. Huko juu nakwenda kununua chumvi."