Mikungu Ilijenga, Ukungu Ukahamia

“Kwangu mbu haingii. Akiingia, basi mjue ana ufunguo.”

Hayo aliyasema Jerusha Nyaboke mbele ya kanisa zima hapa Suna, Sabato moja, wakati wa ushuhuda. Watu walicheka, wakasema amina. Malaria ilikuwa imemlaza hospitali, na alipotoka alimwita fundi Onyango, akaamuru kila tundu la hewa juu ya madirisha lizibwe kwa simiti. Nyumba ni yake. Aliijenga akiwa mjane, kwa ndizi anazozitoa Kisii kuja kuuza hapa Migori, mkungu baada ya mkungu, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia kwamba matundu yale yaliwekwa kwa sababu.

Mvua za masika zilipofika, nguo zikaanikwa sebuleni, maharagwe yakachemka jikoni, na mvuke wote ukabaki ndani kama mgeni asiyejua kuaga. Ukungu ukaanza nyuma ya kabati. Mama Gesare, ndivyo sisi majirani tunavyomwita Jerusha, akaufunika kwa kitambaa cha kufuma. Ukapanda. Akautundikia kalenda. Mwishowe ukuta ule ulikuwa na kalenda za tangu wengine wetu tukinyonya, na bado harufu ilikuwa ya gunia lililosahaulika mvuani.

Yote hayo angevumilia, kama si mjukuu. Binti yake, Gesare, anafanya kazi Homa Bay, na humleta mwanawe kila akipata likizo. Mtoto amerithi jina la marehemu babu yake, Bichage, kwa hiyo nyanya yake humwita “mzee wangu” na humkalisha kwenye kiti cha mzee, miguu ikining’inia. Sasa mzee akawa anakohoa. Akirudi Homa Bay kifua kinatulia. Akija Suna kinapiga filimbi. Safari ya mwisho Gesare alifunga mkoba kabla hata chai haijamiminwa, akamwambia mama yake kwamba mtoto hatalala tena pale mpaka nyumba ipimwe na mtaalamu.

Mama Gesare alianza na njia isiyo na malipo. Aliliomba kanisa limwombee, ana shida ya ukungu. Mzee Omanga, ambaye Kiswahili alikutana nacho ukubwani na hawajawahi kuelewana, akasimama akaomba kwa machozi ili madereva wa barabara ya Rongo wapate kuona mbele asubuhi. Nadhani madereva walifaidika. Ukuta haukusikia.

Ikabaki kupima. Bei aliyotajiwa kwa simu ingemeza faida ya msimu mzima. Wengine tulimwambia atalipa ili aambiwe kile ambacho pua yake inamwambia bure. Alitusikia. Lakini kiti cha mzee kilikuwa kitupu, na kila akikipita alikipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Akapiga simu.

Aliyekuja kutoka Homa Bay ni msichana, Valentine, na mashine yake ya kufyonza hewa kwenye kisanduku. Tulimsaidia kusogeza kabati. Aliinua kalenda moja, akairudisha polepole kama mtu aliyefungua mlango wa choo chenye mtu. Kisanduku hakukifungua.

“Mama, humu ndani hewa inatokea wapi?”

“Haitoki,” Mama Gesare akajibu, kifua mbele.

“Basi sitapima.”

“Unaniona sina pesa, mwanangu?”

“Unazo, mama. Nikizichukua, nitakuletea karatasi inayosema una ukungu. Watu hupima wakinusa kitu wasichokiona, au fundi akimaliza kazi wakabishana kama umeisha. Huu wako tunatazamana nao. Ukikuta nyoka kitandani, unamuuliza ukoo?”

Mama Gesare alivuta stuli, akaketi kusikiliza. Kwa wanaomjua, hilo peke yake lilikuwa tukio. Valentine akamweleza kwamba pumzi za watu, nguo na sufuria vyote vinamwaga maji kwenye kuta zile, na kwamba yeye hupima nyumba tu. Kifua cha mtoto kitazamwe na daktari, naye asilale pale mpaka ukuta ukauke. Valentine alikubali nauli, basi. Kisha akabebeshwa mkungu mzima wa ndizi, na alipojaribu kuukataa aliulizwa kama kwao Homa Bay watu hawafundishwi adabu.

Onyango akaitwa kuchimbua simiti ileile aliyoiweka, akalipwa mara ya pili kwa matundu yaleyale. Lipu iliyooza ikabanduliwa, kuta zikasuguliwa kwa sabuni, madirisha yakashinda wazi, nguo zikahamia chini ya mabati ya nje, na kila tundu likawekewa wavu.

Gesare alimleta mtoto Desemba. Mama yake hakulala, alikaa kando ya kitanda akisikiliza. Asubuhi alitupigia kelele uani kwamba mzee wake amekoroma, hakukohoa, na ameamka akidai uji.

Sabato iliyofuata alisimama tena. Alimshukuru Mungu, halafu akamshukuru msichana wa watu aliyezikataa pesa zake. “Siku hizi mbu anafika,” alisema. “Ananiona kabisa. Anarudi kwao.”

Baada ya ibada akina mama walimzunguka wakiuliza ule wavu anaupata wapi. Ni pale sokoni Suna. Mita moja ni shilingi mia mbili.